MBEGU PEKE YAKE HAITOSHI
Jinsi homoni ya yai inavyoipa mbegu ya kiume nguvu ya kutunga mimba

Somo la afya na mifugo kwa vikundi vya kujisaidia



Somo letu safari hii ni la watu wazima. Linahusu namna mimba inavyotungwa, hasa ile hatua ya mwisho ambapo mbegu ya kiume inakutana na yai la mama. Labda mtu atauliza, "Hayo si mambo ya madaktari? Sisi wafugaji yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Karibu kila kijiji kina nyumba ambayo miaka imepita na mtoto hajapatikana. Mara nyingi lawama yote inamwangukia mama. Anaitwa tasa. Anazungushwa kwa mganga huyu na yule, mbuzi wanauzwa mmoja mmoja, na mwishowe anarudishwa kwao au mume anaoa mwingine. Na katika safari hiyo yote, mume mwenyewe hajapimwa hata siku moja.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba duniani kote karibu mtu mzima 1 katika kila 6 hupatwa na shida ya kukosa kupata mtoto wakati fulani wa maisha yake. Kwa hiyo si jambo la nyumba moja, wala si laana ya ukoo fulani. Ni shida ya mwili kama shida nyingine za mwili, na ina sababu zake. Tukijua jinsi mimba inavyotungwa tutaacha kulaumiana, na tutajua mahali pa kuanzia.

1. TUANZE NA MIFUGO YETU

Hapa Habaswein kila mtoto anayechunga anajua mambo ya kupandana kwa wanyama. Mbuzi jike hurudi katika joto kila baada ya siku 21 hivi. Ng'ombe naye ni karibu siku 21. Beberu awepo asiwepo, fahali awepo asiwepo, wakati ukifika yai linatoka lenyewe. Kama hakuna mbegu iliyoingia, yai linakufa na jike anangoja zamu nyingine.

Lakini ngamia ni tofauti. Mvua za Gu na Deyr zikinyesha na malisho yakipatikana, fahali wa ngamia anatoa povu, anatoa ule mfuko mwekundu mdomoni, hataki kula vizuri, na anawafukuza madume wengine. Majike nao wanakuwa tayari. Ila ngamia jike hatoi yai mpaka apandwe. Akishapandwa, yai hutoka baada ya siku 1 au 2.

Ni kitu gani kinachomwambia yai litoke? Mwaka 1985 wataalamu wa China waliokuwa wakichunguza ngamia wenye nundu mbili walionyesha kwamba maji ya uzazi ya dume yana kitu kinachofanya jike atoe yai. Mwaka 2012 watafiti wa Kanada na Chile walikitambua kitu hicho katika llama, mnyama wa Amerika Kusini aliye wa jamii ya ngamia. Ni protini iliyokuwa ikijulikana tayari kwa kazi nyingine ya kukuza mishipa ya fahamu. Protini hiyo inaingia katika damu ya jike, ujumbe unafika kwenye ubongo, na ubongo unatoa amri: "Toa yai!"

Kwa hiyo kwa ngamia, dume analeta mbegu pamoja na ujumbe. Jike anajibu kwa kutoa yai. Wakae pamoja bila mmoja wao kufanya sehemu yake, hakuna ndama.

Kwa binadamu pia kuna ujumbe wa namna hiyo, lakini unakwenda upande wa pili. Ni upande wa yai ndio unaotuma ujumbe kwa mbegu. Hilo ndilo somo lenyewe la leo.

2. HOMONI NI MJUMBE

Neno homoni mmelisikia kliniki. Maana yake ni rahisi. Homoni ni mjumbe wa mwili. Inatengenezwa mahali fulani, inasafiri, na inapofika panapohusika inatoa maagizo. Mjumbe akipita katika maboma kumi, wanaotoka ni wale tu wanaohusika na habari yake. Homoni nayo inapita kote mwilini, lakini inasikilizwa na zile sehemu tu zenye sikio la kuisikia.

Homoni tunayoizungumzia leo inaitwa projesteroni. Mama akishatoa yai, pale yai lilipotoka kwenye kifuko cha mayai hubaki uvimbe mdogo wa rangi ya manjano. Si ugonjwa. Uvimbe huo ndio kiwanda cha projesteroni. Mwaka 1929 madaktari wawili wa Marekani, George Corner na Willard Allen, walifanya majaribio kwa sungura. Walipoondoa uvimbe ule wa manjano mapema, mimba iliharibika. Walipomchoma sungura sindano ya maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye uvimbe kama huo, mimba ilisimama. Mwaka 1934 maabara kadhaa zilifaulu kuipata homoni yenyewe ikiwa safi.

Basi kwa miaka mingi projesteroni ilijulikana kama homoni ya kulinda mimba iliyokwisha kutungwa. Inaandaa tumbo la uzazi kama mtu anayetandika kitanda kabla mgeni hajafika. Hiyo ni kweli mpaka leo. Lakini baadaye ikaonekana kwamba projesteroni ina kazi nyingine kabla ya hapo: inazungumza na mbegu ya kiume yenyewe.

3. SAFARI NGUMU YA MBEGU

Mwanamume mmoja kwa mara moja hutoa mbegu makumi ya milioni, na hata zaidi ya milioni 100. Mbegu moja ni ndogo mno, huwezi kuiona kwa macho. Ina kichwa chenye kofia, na mkia mrefu wa kuogelea. Njia yake ni hii: inapita mlango wa tumbo la uzazi, inavuka tumbo la uzazi, halafu inaingia katika mrija mwembamba wa uzazi. Mirija hiyo ni miwili, na kwa kawaida yai limo katika mmoja tu. Nyingi zinafia njiani. Zinazofika karibu na yai huwa ni mia chache tu, au hata chini ya hapo.

Tena hata zile zilizofika haziwezi kufanya kazi papo hapo. Mwaka 1951 wataalamu wawili, Min Chueh Chang aliyekuwa Marekani na Colin Austin aliyekuwa Australia, kila mmoja kwa upande wake, waligundua jambo la ajabu. Mbegu ikitoka kwa dume ni kama bado mbichi. Ni lazima ikae kwa saa kadhaa ndani ya mwili wa jike ndipo "iive" na kuweza kuingia katika yai. Chang alitumia sungura, Austin alitumia panya. Kwa binadamu ni hivyo hivyo.

Wale wanaopandisha ng'ombe kwa sindano wanajua kwamba saa ni jambo kubwa. Hapa Kenya kazi hiyo ilipewa kituo chake Kabete mwaka 1946. Mafundi wana kanuni yao: ng'ombe aliyeonekana na joto asubuhi apandishwe jioni, na aliyeonekana jioni apandishwe asubuhi ya kesho. Kusudi lake ni mbegu ziwe zimeshafika na kuiva kabla yai halijachakaa. Kwa binadamu, yai likishatoka huishi kati ya saa 12 na 24 hivi. Mbegu zinaweza kungoja mwilini mwa mama mpaka siku 5. Kwa hiyo ni afadhali mbegu zimngoje yai kuliko yai lizingoje mbegu.

4. MLANGO ULIOKO KWENYE MKIA

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Sikilizeni vizuri.

Yai likitoka halitoki uchi. Limezungukwa na wingu la seli ndogo ndogo, yaani vile vipande vidogo vilivyo hai ambavyo mwili umejengwa navyo. Seli hizo nazo hutoa projesteroni. Kwa hiyo karibu na yai projesteroni ni nyingi sana, kama harufu ya chakula inavyozidi ukikaribia jikoni.

Mbegu iliyoiva ikiingia katika wingu hilo, inaguswa na projesteroni, na hapo hapo inabadilika. Mwaka 1989 na 1990 watafiti waliona kwamba projesteroni ikiigusa mbegu ya binadamu, kalsiamu inaingia ndani ya mbegu kwa haraka. Kalsiamu ni ile ile iliyomo katika maziwa na mifupa, ila hapa inafanya kazi kama ufunguo wa gari. Lakini inaingia kupitia wapi?

Jibu lilianza kupatikana mwaka 2001. Watafiti wa Marekani waligundua kwamba mkia wa mbegu una milango midogo ya kupitisha kalsiamu. Mlango huo waliupa jina CatSper. Walipofuga panya madume wasiokuwa na mlango huo, madume hao walipanda majike vizuri lakini hawakuzalisha kitu. Halafu mwaka 2011 vikundi viwili vya watafiti, kimoja San Francisco na kingine Bonn nchini Ujerumani, vilionyesha kwamba kwa binadamu projesteroni ndiyo inayoufungua mlango huo. Mwaka 2016 ikaelezwa zaidi: mlango una kizuizi kama kipande cha mti kilichowekwa langoni mwa boma, na projesteroni inasaidia kukiondoa.

Mlango ukifunguka, mambo mawili yanatokea:

Kwanza, mkia unaanza kupiga kwa nguvu mpya. Mbegu iliyokuwa ikiogelea polepole inapiga mkia kama mjeledi. Bila nguvu hiyo haiwezi kupenya lile wingu na ganda gumu la yai.

Pili, mbegu inasaidiwa kufungua ile kofia ya kichwani. Ndani ya kofia kuna dawa ya asili ya kulainisha ganda la yai ili mbegu ipite.

Mbegu moja ikishaingia, yai linafunga njia na nyingine zote zinabaki nje. Hapo mimba imetungwa.

Mmeona basi? Baba ametoa mbegu, lakini mbegu haina nguvu ya mwisho mpaka ipate ujumbe kutoka upande wa mama. Na mama ametoa ujumbe, lakini ujumbe hauna faida kama mbegu haina mlango wa kuupokea. Ni kama simu. Mtu mmoja akipiga na mwingine simu yake imeharibika, hakuna mazungumzo. Huwezi kujua shida iko kwa nani mpaka uangalie simu zote mbili.

5. MBEGU NYINGI SI LAZIMA ZIWE MBEGU NZIMA

Kuna akina baba wanaosema, "Mimi sina shida, nina nguvu zangu." Tutofautishe mambo hapa. Nguvu za kitandani ni jambo moja, mbegu ni jambo lingine. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu zote za kiume na bado maji yake yasiwe na mbegu, au yawe na mbegu chache, au mbegu zisizoogelea. Kwa macho huwezi kujua. Ni lazima kupima maabara.

Hata kipimo cha kawaida hakionyeshi kila kitu. Kipimo hicho kinahesabu mbegu, kinaangalia umbo lake na kama zinatembea. Kuna wanaume wachache ambao mbegu zao ni nyingi, zina umbo zuri na zinaogelea, lakini ule mlango wa kalsiamu haufanyi kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 na wataalamu wa Ujerumani na Uingereza pamoja na wenzao ulionyesha kwamba wanaume wa namna hiyo hawawezi kutungisha mimba kwa njia ya kawaida, kwa sababu mbegu zao hazipati ile nguvu ya mjeledi. Kwao mimba inawezekana kwa daktari kuchukua mbegu moja na kuiingiza ndani ya yai kwa sindano nyembamba sana. Matibabu ya kutungia mimba maabara yako Nairobi, na watoto wa kwanza wa Kenya kupatikana kwa njia ya maabara walizaliwa mwaka 2006. Lakini gharama yake ni laki kadhaa za shilingi, na familia nyingi za huku haziwezi. Nyumba nyingi hazihitaji kufika huko. Zinahitaji kuanza na vipimo vya kawaida, kwa wote wawili.

6. TAHADHARI: HOMONI SI DAWA YA KUJINUNULIA

Mtu akisikia somo hili anaweza kusema, "Basi nitanunua projesteroni dukani nimpe mama, mbegu zipate nguvu." Hapana! Msifanye hivyo.

Homoni hiyo hiyo inayofungua mlango wa mbegu karibu na yai, hufunga mlango mwingine mahali pengine. Kabla yai halijatoka, ute wa mlango wa tumbo la uzazi huwa mwepesi na wa kuvutika, na mbegu zinapita. Yai likishatoka na projesteroni kuongezeka katika damu, ute unakuwa mzito na njia inafungwa. Ndiyo sababu dawa za jamii ya projesteroni hutumika kupanga uzazi, kama ile sindano ya miezi mitatu. Zinazuia yai kutoka na kufanya ute kuwa mzito. Kwa hiyo anayejinunulia homoni ili apate mimba anaweza kujifungia mlango mwenyewe. Daktari anaweza kuiagiza kwa sababu maalumu na kwa siku maalumu. Hiyo ni habari nyingine.

Akina baba nao wasikie. Kuna sindano na vidonge vya homoni ya kiume vinavyouzwa kwa jina la kuongeza nguvu au misuli. Homoni ya kiume ikiingia kutoka nje, ubongo unadhani iko ya kutosha na unaacha kuziamuru korodani zifanye kazi. Mbegu zinapungua, na zinaweza kwisha kabisa kwa muda. Ukinunua nguvu namna hiyo, unaweza kuwa unauza mbegu zako.

7. MAMBO YANAYOHARIBU MBEGU NA NJIA YA YAI

Magonjwa ya zinaa. Kisonono na klamidia huziba mirija ya mama, na kwa baba huziba njia ya mbegu. Klamidia hasa inaweza kukaa bila dalili yoyote. Mmoja akipatikana nayo, wote wawili watibiwe, la sivyo wataambukizana tena.

Uchafu baada ya kuzaa au mimba kuharibika. Homa, maumivu ya chini ya tumbo na maji yenye harufu mbaya ni dalili za kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo.

Kifua kikuu. Wengi wanakijua kama ugonjwa wa mapafu tu, lakini kinaweza kuingia katika mirija ya uzazi na kuiziba.

Brusela. Huu ni ule ugonjwa unaofanya mbuzi, ng'ombe na ngamia watupe mimba. Mtu anaupata kwa maziwa mabichi, au kwa kushika kondo la nyuma na mtoto aliyetupwa bila kujikinga. Kwa baba unaweza kuvimbisha korodani. Kwa mama mjamzito unaweza kuharibu mimba. Tunajua maziwa mabichi ya ngamia yanapendwa sana kwetu, lakini tunawaomba: chemsheni maziwa. Mnyama aliyetupa mimba atengwe, na kilichotupwa kizikwe au kichomwe.

Homa kali na joto. Korodani zimewekwa nje ya mwili kwa sababu mbegu zinahitaji ubaridi kidogo. Homa kali ya malaria inaweza kupunguza mbegu kwa muda. Mbegu huchukua karibu miezi miwili na nusu kutengenezwa na kukomaa, kwa hiyo aliyepona homa kali asikate tamaa kwa kipimo cha mwezi huo huo. Arudie baada ya miezi mitatu.

Matumbwitumbwi kwa mvulana aliyebalehe au mtu mzima, mishipa iliyovimba kwenye korodani, na uvutaji wa tumbaku, hayo pia yanaharibu mbegu.

8. HATUA ZA KUCHUKUA

Hatua ya kwanza ni kujua wakati. Wenzi wakikaa pamoja mwaka 1 bila kutumia kinga yoyote na mimba haijapatikana, waende kupimwa. Mama akiwa amepita miaka 35, wasingoje zaidi ya miezi 6. Mume anayeenda na ngamia au kufanya kazi mbali miezi mingi asihesabu miezi hiyo. Pengine shida yenu ni kwamba hamkutani siku zinazofaa.

Siku zinazofaa ni zile siku 5 kabla ya yai kutoka na siku yenyewe ya kutoka. Yai hutoka kama siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Kwa kuwa si rahisi kuhesabu, inatosha wenzi kukutana kila baada ya siku 2 au 3 kwa mwezi mzima.

Hatua ya pili ni kwenda pamoja. Anzieni hospitali ya Habaswein. Ulizeni ni vipimo gani vinapatikana hapo, na vipi mtatumwa Wajir au Garissa. Mkumbushe daktari kumpima baba mapema. Kipimo cha baba ni rahisi kuliko vipimo vingi vya mama, hakina kisu wala maumivu. Akae siku 2 mpaka 7 bila kutoa mbegu, na kile chombo kifike maabara kabla saa 1 haijapita, kikiwa kimewekwa karibu na mwili kisipate baridi wala jua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja mbegu milioni 16 katika mililita moja kama kiwango cha chini cha kawaida. Aliye chini ya hapo hajakatazwa kuzaa, ila inaweza kuchukua muda na anahitaji ushauri.

Hatua ya tatu ni kutunza karatasi zote za vipimo. Wafugaji tunahama. Karatasi ikipotea mtapima upya na kulipa upya.

9. HADITHI YA KUJADILI

Hii si habari ya mtu fulani. Ni mfano wa kufundishia.

Bwana mmoja alioa. Miaka minne ikapita bila mtoto. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, huyu mke ni tasa. Uza ngamia mmoja uoe mwingine." Akaoa wa pili. Miaka mitatu mingine ikapita, huyo naye hakupata mimba. Mama mkwe akasema wake wote wawili wamerogwa na mtu mmoja. Siku moja mhudumu wa afya ya jamii akamwuliza yule bwana kwa upole, "Mzee, wewe umewahi kupimwa?" Bwana akakasirika, akanyanyuka, akaenda zake.

Maswali ya kikundi:

Kwa nini yule bwana alikasirika? Mngekuwa ninyi mhudumu, mngemwuliza vipi na mahali gani?

Wake wawili hawakupata mimba. Jambo hilo linatuonyesha tuanze kuangalia wapi?

Tuseme mke wa pili angezaa. Je, hiyo ingeonyesha kwamba mke wa kwanza amelaaniwa? Au inawezekana ana shida inayotibika, kama vile mirija kuziba?

Baba aliyekwisha kuzaa watoto zamani, je, anaweza kupata shida ya mbegu baadaye? (Jibu: ndiyo. Ugonjwa, homa na dawa vinaweza kumbadilisha.)

Kikundi chetu kinaweza kusaidia vipi nauli ya wenzi wawili kwenda hospitali, kama tunavyosaidiana wakati wa arusi na msiba?

Mwongozo kwa mwenyekiti: akina mama wajadili peke yao kwanza, na akina baba peke yao, halafu mkutane. Msimtaje jirani yeyote kwa jina. Wazee, na viongozi wa dini wa misikiti na makanisa, waalikwe siku ya pili. Neno lao likitoka kwamba mume naye apimwe, wengi watasikia.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Mbegu ya baba huiva ndani ya mwili wa mama, na karibu na yai projesteroni huifungulia mlango wa nguvu.

Mimba inahitaji ujumbe wa upande mmoja na sikio la upande wa pili. Upande wowote unaweza kuwa na shida. Kati ya wenzi wasiopata mtoto, karibu nusu yao shida iko kwa mume au iko kwa wote wawili.

Nguvu za kiume si kipimo cha mbegu.

Usinunue homoni bila daktari.

Chemsha maziwa. Tibu magonjwa ya zinaa mkiwa wawili. Ukimaliza mwaka 1 bila mimba, nendeni mkapimwe mkiwa wawili.

Wanakikundi, tunawatakia majadiliano mema. Mkimaliza somo hili, katibu aandike katika daftari mambo mawili tu: kikundi kimekubaliana nini kuhusu akina baba kupimwa, na kimetenga shilingi ngapi za nauli kwa wenzi watakaotaka kwenda. Mkutano ujao muanze kwa kusoma ukurasa huo.